Kompyuta ipi ya mtumba itaendesha mashine ya kuchonga milango?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni seremala hapa Igoma, Mwanza. Nimeunda mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Fremu ni ya chuma, ina stepa tatu za NEMA 23 (mota zinazozunguka hatua kwa hatua), draiva za TB6600 (vile visanduku vinavyozipa mota umeme) nilizozipanga kwenye hatua ndogo 16 (kila hatua ya mota imegawanywa mara 16), skrubu zinazosogea milimita 5 kwa mzunguko, na ile bodi ya kuunganishia ya bei nafuu yenye soketi ya pini 25. Nataka kutumia LinuxCNC, programu ya kuongoza mashine kama hizi, kwa ajili ya milango na vibao. Mjini nimepata kompyuta tatu za mtumba: Dell Optiplex 780 yenye Core 2 Duo na RAM ya GB 4, laptopu ya Core i5, na HP EliteDesk 800 G2 ile ndogo, nayo ni Core i5. Muuzaji anasema Optiplex imepitwa na wakati, nichukue laptopu. Nichukue ipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa fremu. Nianze na jibu lenyewe ili usisubiri. Chukua Optiplex 780, ila usitoe hela kabla hujaipima kwa dakika ishirini ukiwa hapohapo dukani. Ikishindwa kipimo, iache, hata ukipunguziwa bei. Laptopu ni ya kuchorea, na ile HP ndogo nitaisemea mbele maana nayo ina mahali pake.

Muuzaji wako hakukudanganya. Yeye anauza kompyuta za kuandikia barua, kuingilia intaneti na kutazamia mpira, na kwa kazi hizo laptopu ya i5 inaiacha Optiplex mbali sana. Kazi utakayoipa wewe ni nyingine kabisa. Mashine ya kuchonga inataka kompyuta isiyochelewa, na hilo halimo kwenye karatasi ya sifa iliyobandikwa dukani.

Bila shaka umeshaona bugobogobo, kama si pale makumbusho ya Bujora, Kisesa, basi kwenye sherehe. Wachezaji wamepanga mstari na majembe mikononi. Jembe linarushwa, linazunguka, linadakwa, wote kwa pamoja, na kinachowashikilia ni ngoma. Mpiga ngoma anaweza kupiga polepole na mchezo ukapendeza. Lakini akiwa kwenye mwendo, pigo moja likichelewa kidogo tu, jembe la huyu liko hewani na la yule liko chini. Stepa yako ndiye mcheza jembe. Kila pigo la umeme linalotoka kwenye poti ya paraleli, ile soketi ya pini 25 ya kompyuta, ni hatua moja ya mota, na kwa bodi uliyonunua, anayepiga ngoma ni kompyuta yenyewe.

Tuseme mhimili, yaani upande mmoja wa mwendo wa mashine, unakwenda kwa mapigo 8,000 kwa sekunde. Kati ya pigo na pigo kuna mikrosekunde 125. Kompyuta ikienda kushughulikia jambo lingine kwa mikrosekunde 400, mapigo matatu hayakufika kwa wakati. Mota inalegea ghafla, kisha inadaiwa irudi kwenye mwendo uleule papo hapo. Kama ruta, ile mota yenye biti ya kuchongea, iko ndani ya mninga na inasukumwa kwa nguvu, mota inashindwa, inatoa mlio wa kukoroma, inabaki nyuma, na programu inaendelea kuhesabu kama kwamba hakuna kilichotokea. Stepa za aina yako hazirudishi taarifa. Skrini itakuonyesha uko kwenye 412, kumbe uko 408, na ua lote lililobaki litachongwa likiwa limesogea milimita nne. Mlango umeharibika.

Sasa, kompyuta inakwenda wapi inapochelewa? Kwanza ni mfumo wake wa kawaida, unaogawa muda kwa programu nyingi. Hilo LinuxCNC imelitatua kwa kutumia kernel, yaani moyo wa mfumo wa Linux, iliyorekebishwa ili kazi ya mapigo itangulie kazi nyingine zote. Programu hii asili yake ni mradi wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, miaka ya 1990, na tangu mwanzo ilikusudiwa mashine za kiwandani, kwa hiyo hilo la muda wamelifanyia kazi kweli. Pili ni kubana umeme. Prosesa za siku hizi zikikosa kazi kwa nukta moja zinasinzia, na zikiamshwa zinachukua muda kuinuka. Tatu, na hili ndilo linalowatesa watu, ndani ya BIOS, ile programu ya bodi inayoamsha kompyuta, kuna programu iliyofichwa inayoweza kuichukua prosesa bila hata Linux kujua. Inaenda kupima joto, kurekebisha feni, kukagua betri, kisha inairudisha. Linux ikizinduka, muda umeshakwenda.

Laptopu imejaa mambo hayo matatu, hasa la tatu, kwa sababu ina betri, ina kifuniko, ina feni moja ndogo inayohangaika. Juu ya hayo haina poti ya paraleli. Usidanganyike na ule waya wa kugeuza USB kuwa pini 25. Waya ule umetengenezwa kwa ajili ya printa, na USB inapeleka data kwa mafungu, haiwezi kupeleka pigo moja moja kwa wakati wake. Nimeletewa waya hizo mara nyingi karakana kwangu Nyakato na hakuna hata moja iliyozungusha mota.

Optiplex 780 ni ya kizazi cha mwaka 2009 na 2010. Imetoka wakati ambapo poti ya paraleli bado ilikuwa kwenye bodi yenyewe, prosesa zina viini viwili tu visivyogawanywa tena, na picha zinatoka kwenye chipu ya Intel iliyomo ndani. Ndugu zake, 755 na 760, ziko hivyohivyo. Ukikuta kompyuta yenye kadi kubwa ya picha ya michezo, kadi hiyo itoe. Draiva za kadi za Nvidia, yaani programu za kuziendesha, zimeshasumbua watu wengi kwenye LinuxCNC.

Twende kwenye kipimo. Nyumbani au kwa rafiki mwenye intaneti nzuri, pakua faili la LinuxCNC la kuwekea kwenye flashi. Liko bure, na linakuja pamoja na mfumo wa Debian. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu kama Rufus. Kunakili faili peke yake hakutoshi, kompyuta haitawaka nalo. Flashi hiyo inawasha kompyuta yoyote bila kugusa kilichomo kwenye diski, kwa hiyo muuzaji hana sababu ya kukukatalia. Dukani, kwenye Dell, washa huku ukibonyeza F12, chagua USB, subiri dakika chache ukurasa wa mezani utokee.

Lakini kabla ya F12, ingia kwanza kwenye BIOS kwa F2. Nataka uone jambo moja: je, inaomba nywila? Kompyuta nyingi za mtumba zilikuwa za maofisi, na mafundi wa ofisi hizo walizifunga BIOS zake. Kama imefungwa na muuzaji hawezi kuifungua mbele yako, usiinunue, maana bila kuingia humo hutaweza kuituliza. Ikifunguka, tafuta sehemu ya utendaji, uzime SpeedStep na C States, yaani kule kusinzia nilikokutajia. Kwenye kompyuta yenye Hyper-Threading, yaani kiini kimoja kugawanywa kiwe kama viwili, izime nayo. Kisha tafuta poti ya paraleli, hakikisha imewashwa kwenye anwani 378, na kama kuna chaguo la EPP, liweke hilo. Hifadhi, toka, sasa washa kwa flashi.

Ndani ya LinuxCNC fungua dirisha la amri uandike latency-test. Litatokea jedwali dogo lenye namba zinazobadilika. Namba unayoitaka ni ya kuyumba kwa juu kabisa kwenye uzi wa haraka, ule wa msingi, yaani kazi inayojirudia ya kutoa mapigo. Inaandikwa kwa nanosekunde, kwa hiyo ondoa sifuri tatu upate mikrosekunde. Usiitazame tu kompyuta ikiwa imetulia. Isumbue. Fungua dirisha la pili uandike glxgears, zile gia za rangi zianze kuzunguka. Buruta madirisha huku na huku. Nakili faili kubwa. Chomeka flashi nyingine, ichomoe, ichomeke tena. Bonyeza vitufe vya kibodi ovyo. Dakika ishirini, na namba ile ya juu haishuki tena ikishapanda, inatunza kuchelewa kubaya kuliko kote.

Waandishi wa LinuxCNC wenyewe wanaweka mipaka hivi: chini ya mikrosekunde 15 mpaka 20, kompyuta ni nzuri sana kwa mapigo ya poti. Kwenye 30 mpaka 50 bado utafanya kazi, ila mwendo wa juu utapungua. Ikifika 100, usiitumie kwa mapigo ya poti. Ikivuka 1,000, iache kabisa. Mimi kwa mashine ya mbao nakubali mpaka 40. Kompyuta mbili za aina moja, zimekaa rafu moja, zinaweza kutoa namba tofauti kabisa kwa sababu ya toleo la BIOS au kadi iliyochomekwa. Ndiyo maana sikwambii ununue jina la Optiplex, nakwambia uipime ileile utakayoibeba.

Kama namba iko pabaya kidogo, usikate tamaa hapohapo. Chomoa kadi ya Wi-Fi kama ipo. Ukishaisimika nyumbani, ongeza neno isolcpus=1 kwenye mistari ya kuwashia ya grub, programu inayoianzisha Linux, ili kiini kimoja cha prosesa kiachiwe mapigo peke yake na kingine kifanye mengine yote. Kwenye Core 2 Duo nimeona jambo hilo dogo likishusha namba kwa kiasi cha kuridhisha.

Sasa nikuonyeshe namba hizo zina maana gani kwenye mlango wako, na hapa nina ushauri ambao hautakugharimu hata shilingi. Stepa yako ina hatua 200 kwa mzunguko. Umeweka hatua ndogo 16, kwa hiyo mapigo 3,200 kwa mzunguko, na skrubu inasogea milimita 5, sawa na mapigo 640 kwa kila milimita. Tuchukulie kompyuta yako inaweza kuendesha uzi wa msingi kila mikrosekunde 50. Tuchukulie pia pigo linatumia zamu mbili, moja ya kupanda na moja ya kushuka, basi unapata mapigo 10,000 kwa sekunde. Gawa kwa 640: milimita 15.6 kwa sekunde, karibu 940 kwa dakika. Mlango wa maua yenye njia ya jumla ya mita 200 utakula zaidi ya saa tatu na nusu, bila kuhesabu kupunguza mwendo kwenye kona.

Kwenye draiva, sogeza vile viswichi vidogo kutoka 16 kwenda 8. Kompyuta ni ileile, mapigo ni yaleyale, lakini sasa ni 320 kwa milimita, na mlango unatoka kwa chini ya saa mbili. Ukienda 4 ni 160 kwa milimita, mwendo mara mbili tena, ila mota zitaanza kutetemeka zaidi kwenye mwendo mdogo. Usahihi? Hata kwenye 4, pigo moja ni milimita 0.00625. Mninga wenyewe ukilala karakana wakati wa masika unavimba zaidi ya hapo. Mafundi wengi huweka 16 au 32 wakidhani wanapata kazi safi, kumbe wanaibebesha kompyuta mzigo usio na faida. Weka 8.

Nirudi kwenye poti. Nyuma ya kompyuta ni soketi pana ya matundu 25, mara nyingi rangi ya zambarau iliyoiva. Ile yenye pini zilizochomoza si hiyo. Chukua multimita, iweke kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye tundu lolote kati ya 18 na 25, na mwekundu pitisha kwenye 2 mpaka 9. Zile zilizowaka zitakuonyesha karibu na volti 5 au karibu na 3.3. Ukipata 5, shukuru. Ukipata 3.3, bodi nyingine za bei nafuu haziisikii vizuri, mapigo yanapotea, na mtu anahangaika wiki nzima akidhani ni draiva. Si sababu ya kuikataa kompyuta, ila uijue mapema, maana dawa ni bodi ya kuunganishia yenye chipu za kuinua volti. Na kile kiwaya cha USB kinachoingia kwenye bodi yako ni cha kuipa umeme wa volti 5 tu. Hakibebi amri yoyote. Watu huchomeka hicho peke yake kwenye laptopu wakasubiri mashine itembee.

Kama utapata kompyuta nyingine nzuri isiyo na poti, kadi ya paraleli ya kuchomeka ndani inafanya kazi vizuri, mradi uangalie urefu wake kwa kasha lako. Makasha membamba yanataka kadi fupi. Anwani yake haitakuwa 378, utaisoma kwa amri ya lspci -v.

Hapa nikusimulie kitu kilichonitokea, kwa sababu kitakutokea na wewe. Nilikuwa nimemfungia mteja kompyuta kama hiyo ya kwako. Tuliipima, namba 18, ikachonga miezi mitano bila kosa. Asubuhi moja akanipigia, ua limekatika katikati. Nilikwenda nikakaza kapulingi, kile kiungo cha mota na skrubu, nikabadilisha draiva, nikapunguza mwendo, nikabadilisha hata waya. Siku ya pili ikarudia. Siku ya tatu nikaona saa ya kompyuta inasema ni Januari ya miaka mingi iliyopita. Kumbe kile kibetri cha mviringo kwenye bodi, CR2032, kilikuwa kimekufa, na yeye kila jioni alikuwa anachomoa kila kitu ukutani kwa hofu ya radi. BIOS ilikuwa inasahau kila kitu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. C States zilikuwa zimewaka tena. Nilipopima nikakuta 140. Mbao mbili za mkongo zilikuwa zimeshaharibika, na lawama nilikuwa nimezitupa kwenye mota. Tangu siku hiyo kila kompyuta ya mtumba inayopita mikononi mwangu inapata kibetri kipya siku hiyohiyo, kabla ya kitu kingine chochote, na mipangilio ya BIOS naipiga picha kwa simu na kuibandika ndani ya kasha.

Ukilifungua kasha dukani, tazama kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama karibu na prosesa. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa kama sarafu. Kikivimba au kikiwa na ukoko wa kahawia, weka chini. Tazama na pawa saplai kwa nyuma: baadhi ya kompyuta zina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Ikiwa imetoka nchi ya volti 115 na hakuna aliyekigusa, ukiichomeka kwetu itapiga mlipuko. Na diski yake ya kuzunguka usiitegemee karibu na ruta inayotetemesha sakafu. Weka SSD ndogo ya GB 120, inatosha na inabaki. RAM ya GB 4 inatosha.

Vumbi la mbao unalijua kuliko mimi. Kuna jingine la huku kwetu: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda hewani kama moshi. Wakifuata taa ya karakana usiku, feni ya kompyuta inawavuta ndani. Nimefungua kompyuta moja ya karakana iliyoko Kirumba, mapezi ya kupoozea prosesa yalikuwa yamezibwa na tope jeusi kavu, na prosesa ilikuwa inajipunguza mwendo kwa joto. Ikijipunguza mwendo, ngoma imeharibika. Tengeneza kasha la mbao lenye mlango, toboa dirisha, weka kitambaa chepesi cha chandarua na sponji nyembamba mbele yake, na kila Jumamosi kung'uta. Usiifunge kabisa bila hewa.

Umeme sasa. Ukinunua UPS ukaweka kompyuta peke yake, umejitengenezea tatizo jipya. Umeme ukikatika, draiva na ruta zinazima, kompyuta inabaki hai na inaendelea kutuma mapigo kwa mota zilizokufa. Umeme ukirudi, mashine inaamka mahali isipopajua. Dawa ni rilei moja ya volti 230, ile swichi inayovutwa na umeme wenyewe. Iunganishe kwenye umeme usiopita kwenye UPS, na mguso wake uupeleke kwenye pini ileile ya kitufe cha dharura. Umeme ukiondoka, rilei inaachia, LinuxCNC inaona dharura na kusimama hapohapo, nawe unaona mstari wa programu ilipoishia. Kazi hiyo mpe fundi umeme kama huna mazoea na volti 230. Na weka swichi za mwisho, zile zinazobonyezwa mhimili ukifika ukingoni, kwenye kila mhimili, ili umeme ukirudi mashine irudi sifuri yenyewe kabla ya kuendelea. Bila swichi hizo utakuwa unakadiria kwa rula.

Ethi, yaani waya wa ardhini, nayo usiidharau, hasa siku utakapohamia mlimani. Kwenye miamba yetu, kama kule Bugarika, fimbo ya ethi huzama kwa shida, na ruta yenye brashi pamoja na mota ya kuvuta vumbi zinatupa kelele nyingi kwenye waya. Kelele ikiingia kwenye swichi ya mwisho, mashine inasimama katikati ya kazi bila sababu. Tumia waya zenye ngao, ngao ifungwe upande mmoja tu, kwenye fremu ya kabati la draiva.

Nilikuahidi habari ya HP EliteDesk ndogo. Haina poti ya paraleli na haina nafasi ya kadi, kwa hiyo kwa bodi yako haifai. Ila ina soketi ya mtandao, na kuna bodi za kampuni ya Mesa, kama 7i76E, zinazounganishwa kwa waya wa mtandao na kutengeneza mapigo zenyewe. Hapo kompyuta inatoa maelekezo mara 1,000 kwa sekunde na bodi inapiga ngoma, na kuchelewa kwa mikrosekunde 100 hakukuumizi tena. Ni njia bora kuliko zote nilizotaja. Lakini bodi hiyo inaagizwa nje na inagharimu kuzidi kompyuta yenyewe. Biashara ikikua, utaiwazia.

Na ikitokea umezunguka mji mzima hujapata kompyuta inayofaulu kipimo, laptopu ina njia moja ya heshima: programu ya GRBL kwenye Arduino Uno, kibodi kidogo cha umeme chenye chipu yake. Kile kidude kidogo kina saa ya MHz 16 tu, lakini hakina kazi nyingine duniani isipokuwa kupiga ngoma, na kinafika mapigo karibu 30,000 kwa sekunde. Laptopu inabaki kumtumia mistari ya programu kwa USB. Kwa vibao inatosha kabisa. Kwa milango ya saa tatu mimi sipendi, kwa sababu USB ikikatwa na kelele ya ruta mara moja, kazi yote inasimama. Ukiichagua, zima kulala kwa laptopu, tumia waya mfupi wenye ngao. Mach3, programu nyingine ya kuongoza mashine, sikushauri, draiva yake ya poti inataka Windows ya biti 32 mpaka Windows 7, na utakuwa unalinda mfumo wa zamani usiopata marekebisho tena.

Jambo la mwisho, na hili linahusu vidole vyako. Kompyuta inapowaka, kabla LinuxCNC haijafunguka, pini za poti zinapanda na kushuka zinavyotaka. Kama ruta umeiunganisha kwenye rilei ya bodi, inaweza kuanza kuzunguka yenyewe wakati mkono wako unakaza biti. Kwa hiyo mpangilio uwe huu kila siku: kompyuta kwanza, subiri LinuxCNC ifunguke, kitufe cha dharura kikiwa kimebonyezwa, ndipo uwashe umeme wa draiva, ndipo wa ruta. Jioni kinyume chake. Waandikie vijana wako ukutani kwa chaki, na usiwaruhusu kuruka hatua hata siku moja ya haraka.

Ukishaipima Optiplex, niandikie namba ya juu ya uzi wa msingi na volti uliyopata kwenye pini ya 2. Kwa hizo mbili nitakuandalia mipangilio ya kuanzia ya mwendo na ya kuongeza kasi kwa skrubu zako, uanze na mbao za mpaini kabla ya kugusa mninga.